Mgeni Ndani ya Nafsi Yake

Katika maradhi yampatayo mwanadamu yapo yaonekanayo kwa macho, mathalani kidonda au uvimbe, na yapo yatambulikanayo kwa mwenendo, kwani mwenye nayo husema asiyoyajua au hutenda asiyoyakusudia. Lakini yapo pia, nayo ndiyo ya sura hii, ambayo hayana alama mwilini wala katika vitendo, yakajulikana kwa njia moja tu, ambayo ni kauli ya mwenye kuugua. Mtu hutoka katika chumba cha mtihani, au huinuka matangani, au huamka baada ya usiku mwingi wa kukosa usingizi, akajiona ametengana na nafsi yake. Sauti yake huisikia ikisema, wala haimfikii kama sauti yake. Mkono wake huutazama ukishika kikombe, na anajua pasi na shaka kuwa ni wake, ila ile hisia ya kuumiliki imeondoka. Mwanawe humkumbatia, naye humkumbatia kwa adabu zote za mzazi, huku batini hapana kilichotikisika. Nyumba, mti na barabara vipo mahali pake palepale, walakini vimepwaya, vimekuwa bapa, kana kwamba baina yake na ulimwengu pamewekwa kioo au ukungu. Hana homa. Hesabu haikosei, jina lake hajalisahau, wala haamini hata kwa dakika moja kwamba ulimwengu umegeuka kweli. Na huo ndio msiba wake, kwa kuwa mwenye wazimu huamini anayoyaona, ilhali huyu anajua kwamba yote ni sahihi, na ujuzi huo haumsaidii kitu.

Matabibu huigawa hali hii mafungu mawili. La kwanza ni la mtu kujiona mgeni kwa mwili wake, fikira zake na hisia zake, nalo nitaliita ugeni wa nafsi. La pili ni la ulimwengu wa nje kuonekana si halisi, nalo nitaliita ugeni wa dunia. Aghalabu mawili haya huandamana. Watafiti waliokusanya tafiti za nchi mbalimbali na kuzichapisha mwaka 2004 waliona kwamba hali ya namna hii, ikija na kupita kwa dakika au saa chache, imewahi kuwapata watu baina ya 26 na 74 katika kila mia, kwa kadiri ya namna walivyoulizwa. Na kwamba ugonjwa wenyewe, ule unaokaa miezi na miaka na kumzuia mtu kuishi, huwashika baina ya mmoja na wawili katika mia. Si maradhi ya nadra basi. Hata hivyo matabibu wengi hawayajui, na mgonjwa huenda akazunguka kwa miaka, akapimwa macho na masikio na damu, akaambiwa kila mara kwamba hana kitu.

Mimi nashika rai moja, nayo itaonekana katika yote yafuatayo: mgonjwa huyu ni shahidi mkweli kuliko wengi, na kila hatua ya mbele katika utafiti wa maradhi yake ilipatikana pale tabibu alipoichukua kauli yake kuwa ni ushahidi wa kuchunguzwa, badala ya kuidhania kuwa ni mbwembwe za mtu dhaifu.

Wa kwanza kuichukua hivyo hakuwa tabibu wa akili. Maurice Krishaber alizaliwa Hungaria, akafanya kazi yake mjini Paris, na ustadi wake ulikuwa maradhi ya koo. Mwaka 1873 alitoa kitabu chenye habari za wagonjwa 38 waliomjia kwa kizunguzungu, mapigo ya moyo, uchovu na hofu, na katika hao zaidi ya theluthi moja walimweleza jambo ambalo halikuwa katika elimu yake: kwamba dunia imekuwa kama ndoto, na kwamba wao wenyewe hawajihisi kuwa wao. Yeye hakuwafukuza. Aliandika kila walichosema, kisha akatafuta sababu, akadhani kwamba milango ya fahamu imeharibika yote kwa pamoja, hata macho, masikio na ngozi vikawa vinampelekea mgonjwa habari zisizofanana na zile alizozizoea tangu utotoni. Mwanafalsafa Hippolyte Taine alipoyasoma hayo aliyaona kuwa ni hidaya kwa elimu ya nafsi, akaandika mwaka 1876 kwamba mgonjwa wa namna hii yu sawa na kiwavi aliyebaki na kumbukumbu zake zote za kiwavi, halafu kwa ghafla akajikuta ana hisia za kipepeo. Mfano ni mzuri, na kwa miaka mingi uliwaridhisha wengi; lakini ulijengwa juu ya dhana ya Krishaber, na dhana hiyo, kama tutakavyoona, haikuwa na msingi.

Kwa jina lake la kitabibu maradhi haya hayana deni kwa tabibu yeyote. Henri-Frédéric Amiel, mwalimu wa falsafa mjini Geneva, alikuwa na desturi ya kuandika shajara kila siku, na alipofariki mwaka 1881 aliacha kurasa zipatazo 17,000, ambazo ndani yake hapana jambo lililochunguzwa kwa bidii kuliko nafsi ya mwandishi mwenyewe. Katika maandishi ya mwezi wa Julai mwaka 1880 alieleza kwamba anajitazama kana kwamba kutoka ng'ambo ya kaburi, kila kitu kikiwa kigeni kwake, na humo akatumia neno la Kifaransa lenye maana ya kuvuliwa unafsi. Miaka kumi na minane baadaye Ludovic Dugas, mwalimu wa falsafa pia, alilitwaa neno hilo akalitia katika elimu ya maradhi, na tangu mwaka 1898 limebaki humo.

Dugas alifanya zaidi ya kutoa jina. Aliuliza swali jepesi ambalo Krishaber hakulifuata hadi mwisho: ikiwa milango ya fahamu imeharibika, mbona mgonjwa akipimwa huona, husikia na kugusa sawasawa na mwingine yeyote? Pierre Janet naye, aliyewachunguza wagonjwa wengi katika hospitali ya Salpêtrière, alifika hapo hapo kwa njia yake. Basi kilichopotea si habari za ulimwengu. Habari zinafika zote. Kilichopotea ni ule uzito ambao kwa kawaida huja pamoja nazo, ile hisia nyembamba, isiyotambuliwa maadamu ipo, inayomwambia mtu kwamba tendo hili ni langu, kumbukumbu hii ni yangu, na huyu ninayemtazama ni mama yangu. Mwaka 1911 Dugas, pamoja na tabibu François Moutier, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili, wakadai kwamba umiliki wa nafsi ni kazi inayofanywa na akili kila nukta, na kwamba kazi hiyo yaweza kusimama huku kazi nyingine zote zikiendelea. Naiona kauli hii kuwa ni miongoni mwa zilizo adhimu katika historia ya elimu ya nafsi, kwa sababu kabla yake watu walidhani kuwa mtu ni wake mwenyewe kwa asili tu, bila ya kazi yoyote kufanyika.

Lakini kazi hiyo husimama kwa nini? Hapa jibu lilitoka mahali pa mbali na hospitali, na mojawapo ya mashahidi wake ni mtu ambaye jina lake linajulikana sana katika pwani yetu. Mwaka 1844, miaka mingi kabla ya kufika Ujiji na Unguja, David Livingstone alikuwa akikaa Mabotsa, katika nchi ambayo sasa ni Afrika Kusini, na simba walikuwa wakiwasumbua wenyeji kwa kuua mifugo yao. Katika kuwawinda alimpiga simba mmoja risasi, na alipokuwa akishindilia bunduki yake tena, simba yule alimrukia, akamkamata begani, akamwangusha na kumtikisa. Livingstone aliandika baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1857, kwamba mtikiso ule ulimtia katika hali ya kama ndoto, ambayo ndani yake hakusikia maumivu wala hofu, ingawa alijua kila kitu kilichokuwa kikitendeka. Akaifananisha na hali ya wagonjwa waliovutishwa dawa ya usingizi kidogo, ambao huiona operesheni yote na hawausikii wembe. Aliweza kumtazama mnyama yule aliyekuwa akimtafuna bila ya kutishika. Mebalwe, mwalimu Mwafrika aliyekuwa naye, alijaribu kumpiga simba risasi, naye simba akamwacha Livingstone akamrukia Mebalwe na kumuuma paja, kabla ya kuanguka kwa risasi zilizokwisha kumpata.

Livingstone alikuwa mtu wa dini, akadhani kwamba hali ile huenda ni rehema ya Muumba kwa viumbe vyote vinavyouawa na wanyama wakali. Mimi navutiwa zaidi na tofauti iliyopo baina ya mambo mawili aliyoyabeba kutoka siku ile. Mfupa wa mkono wake wa kushoto ulivunjika, ukaunga vibaya. Na wakati watumishi wake Chuma na Susi na wenzao walipoichukua maiti yake kwa miguu kutoka kijiji cha Chitambo hata Bagamoyo, na kutoka huko ikafika London mwaka 1874, daktari William Fergusson aliitambua kwa mfupa huo, na shaka zote zikaisha. Mfupa ulitoa shahada yake miaka thelathini baada ya tukio. Lakini ile ndoto iliyomshika kinywani mwa simba haikuacha alama ambayo daktari yeyote angeweza kuigusa. Kama asingeisimulia, isingalijulikana, na sisi twaisadiki kwa kauli yake peke yake. Tunamsadiki Livingstone bila ya taabu, na sioni kwa nini msichana wa shule asemaye maneno hayo hayo mbele ya tabibu wake asipewe insafu ile ile.

Livingstone hakuwa peke yake. Albert Heim, mjuzi wa miamba wa Uswisi, aliporomoka mlimani mwaka 1871 akanusurika, na tangu hapo akawa akikusanya habari za wapanda milima na mafundi walioanguka na kupona. Mwaka 1892 alisoma mbele ya chama cha wapanda milima cha nchi yake kwamba waliokaribia kufa kwa ghafla, karibu wote, hawakusikia maumivu wala taharuki, bali utulivu wa ajabu, wakati ukirefuka na mawazo yakienda mbio kwa uwazi mkubwa. Katika miaka ya 1970 Russell Noyes na Roy Kletti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwahoji watu wengi waliopatwa na ajali, kuzama na kuanguka, wakakuta mambo hayo hayo, wakayatambua waziwazi kuwa ni ugeni wa nafsi. Kwa hiyo hali inayomtesa mgonjwa miaka kumi ni hali ile ile inayomhifadhi mtu mzima wa afya katika nukta kumi za hatari. Hofu inayozidi kiasi humpumbaza mtu asiweze kujiokoa. Lakini hisia zikizimwa na macho yakaachwa wazi, mtu hutazama, hupima, na akipata nafasi hukimbia.

Aliyeyaona hayo mapema kwa jicho la tabibu ni Wilhelm Mayer-Gross, aliyekuwa mwalimu mjini Heidelberg hadi utawala wa Hitler ulipomlazimisha kuhama kwa kuwa ni Myahudi, akapokewa katika hospitali ya Maudsley mjini London mwaka 1933. Miaka miwili baada ya hijra hiyo aliandika makala yake juu ya ugeni wa nafsi, ambayo ndani yake aliutenga na ugeni wa dunia, na akashika rai kwamba hali hii haitokani na maradhi haya au yale, kwani hutokea katika mengi, katika huzuni kubwa, katika kifafa, katika uchovu, katika athari za dawa. Bali ni jibu lililokwisha kuundwa ndani ya ubongo, likingojea kuamshwa. Mjini Montreal, Wilder Penfield, alipokuwa akiwapasua wenye kifafa wakiwa macho na kuzigusa ubavuni bongo zao kwa umeme dhaifu, aliwasikia baadhi yao wakisema kwamba mambo yamekuwa ya kigeni au ya mbali, na umeme ulipoondolewa hali hiyo ikaondoka. Mayer-Gross hakuwa na chombo cha kuthibitisha aliyoyanena, na baada yake jambo likalala. Matabibu wa nusu ya pili ya karne iliyopita waliandika juu yake hapa na pale, Chama cha Matabibu wa Akili cha Marekani kikalipa mahali pake katika daftari la maradhi la mwaka 1980, lakini wachache ndio waliolifuata.

Uhai mpya ulikuja mwaka 1998. Mwaka huo Mauricio Sierra na German Berrios wa Cambridge walichapisha nadharia iliyoyakusanya yaliyotangulia na kuyapa umbo la kuweza kupimwa, na katika mwaka huo huo Anthony David alianzisha mjini London, katika Taasisi ya Elimu ya Maradhi ya Akili, kitengo cha kuchunguza maradhi haya peke yake. Nadharia yenyewe yasema kwamba hatari ikizidi kipimo mambo mawili hutendeka kwa mara moja: sehemu ya mbele ya ubongo huzigandamiza sehemu za ndani zinazozalisha hisia, hasa ile ndogo iitwayo amigdala, na wakati huo huo uangalifu huinuliwa hadi kilele chake. Mtu hubaki macho kupita kiasi na mkavu kupita kiasi. Katika hatari ya kweli hali hiyo hupita. Kwa mgonjwa haipiti, sawa na nahodha aliyeshusha tanga kwa ajili ya dhoruba, dhoruba ikapita, lakini henza imekwama na tanga halipandi, na chombo kimebaki kikielea katika upepo mwema bila ya kwenda.

Jambo la kwanza lililopaswa kufanywa ni kuitafuta ithibati nje ya kinywa cha mgonjwa, na njia iliyochaguliwa ilikuwa nyepesi. Mtu akitazama kitu kinachomtisha au kumchukiza, vinyweleo vya jasho katika vidole vyake hufunguka kidogo, na ngozi hupitisha umeme vizuri zaidi. Mwenye ngozi hana amri juu ya jambo hili, wala hawezi kuliigiza kwa urahisi. Mwaka 2002 Sierra na wenzake walitoa matokeo ya kuwapima watu 15 wenye ugeni wa nafsi, 15 wenye afya, na 11 wenye maradhi ya hofu, wakiwaonyesha picha za kawaida, za kupendeza na za kuchukiza. Kwa picha za kuchukiza, ngozi za wenye ugeni wa nafsi zilijibu kidogo kuliko za wengine na zikachelewa kujibu. Hapo mtu angeweza kusema kwamba pengine hao ni watu wa miili mizito isiyoshituka kwa lolote. Lakini watafiti walikuwa wamepiga makofi pia kwa ghafla. Na kwa mshituko huo usio na maana yoyote, ngozi zile zile zilijibu upesi kuliko za watu wenye afya. Naomba msomaji asimame hapa kidogo, maana mambo mawili ya nadharia yamo katika kipimo kimoja: mlinzi yu macho, tena kuliko kawaida, ila kitu chenye maana ya kuumiza moyo kikija huzuiwa njiani. Hivyo ndivyo wagonjwa walivyokuwa wakisema tangu siku za Krishaber.

Mary Phillips na wenzake wa London walikuwa wamekwisha kuutazama ubongo wenyewe mwaka uliotangulia, kwa mashine ya sumaku inayoonyesha sehemu zinazofanya kazi. Wagonjwa walikuwa sita tu, na idadi hiyo ndogo yatutaka tahadhari. Lakini walipoonyeshwa picha za kuchukiza, sehemu iitwayo insula, ambayo kwa wenye afya huamka mtu anapochukizwa, haikuamka, na sehemu ya mbele ya ubongo upande wa kulia ilifanya kazi kwa nguvu zaidi. Upande wa pili wa bahari Daphne Simeon, katika hospitali ya Mount Sinai mjini New York, aliona tofauti katika sehemu za nyuma na za pembeni, ambamo habari za macho, masikio na mwili huunganishwa kuwa picha moja ya mtu. Sioni kwamba matokeo haya mawili yanapingana. Lakini kuyaunganisha katika maelezo mamoja bado ni kazi iliyo mbele.

Na ile dhana ya Krishaber juu ya milango ya fahamu? Iliulizwa tena kwa namna ya kisasa mwaka 2014 na Matthias Michal na wenzake wa Mainz, Ujerumani. Waliwataka wagonjwa wayahesabu mapigo ya mioyo yao bila ya kushika mshipa, kwa kusikiliza ndani tu, wakidhani kwamba mtu anayelalamika kuwa hausikii mwili wake atakosea sana. Hawakukosea kuliko watu wenye afya. Habari za moyo zilikuwa zikiwafikia barabara, na wao walikuwa bado hawajihisi kuwa wenyewe mwilini. Dugas, aliyesema hivyo bila ya chombo chochote zaidi ya sikio lake, alikuwa amekwisha kufariki miaka mingi kabla.

Katika kuuliza ni nani anayepatwa, Simeon alikuta kwamba wengi walianza wakiwa na miaka kama 16, na wale wa London walianza karibu na miaka 23. Kwa baadhi yao mlango ulikuwa taharuki kubwa iliyokuja kwa ghafla. Kwa wengine msononeko wa muda mrefu. Na kwa idadi isiyo ndogo ulikuwa bangi, pengine iliyovutwa mara chache tu, na hali iliyokuja na moshi haikuondoka nao. Katika utafiti wa mwaka 2001 Simeon aliwalinganisha wagonjwa 49 na watu 26 wenye afya juu ya mateso ya utotoni, na katika aina zote za mateso, iliyohusiana zaidi na ugeni wa nafsi haikuwa kipigo wala ubaya wa mwili, bali mateso ya moyo: mtoto kutukanwa, kudharauliwa, kuambiwa kila siku kwamba hafai. Wazazi wengi, na walimu pia, wanaoiona fimbo kuwa ni ukali na maneno kuwa ni upepo, ingewapasa waujue utafiti huu.

Lipo swali jingine ambalo kwetu sisi lina uzito wa pekee. Mwaka 2007 Sierra na David walipitia tafiti zilizofanywa nchi nyingi juu ya taharuki za ghafla, wakaona kwamba ugeni wa nafsi hutajwa kwa uchache katika nchi zisizo za Magharibi, na kwamba hutajwa zaidi kwa kadiri watu wa nchi wanavyomhesabu kila mtu kuwa ni pekee kabla ya kuwa wa ukoo na jamaa. Yamkini ni kweli kwamba aliyelelewa kujijua kama mwana wa fulani, ndugu wa fulani, jirani wa fulani, ana kamba nyingi zaidi zinazomfunga na nafsi yake. Lakini nasita kulikubali jambo hili moja kwa moja, kwa kuwa ugonjwa uliomo katika kauli hutegemea aulizaye, na mtu anayeona kwamba akisema atadhaniwa amepandwa na pepo au amerogwa, au amekufuru neema ya Mungu, huchagua kusema kwamba kichwa chamuuma. Hata Ujerumani, nchi yenye matabibu tele, daftari za bima ya afya zilizochunguzwa na Michal na wenzake zilionyesha kwamba waliopewa jina la ugonjwa huu kwa mwaka mmoja walikuwa kama 7 katika kila watu 100,000. Na tukishika kadirio la chini la mgonjwa mmoja katika mia, wangepaswa kuwa 1,000. Wanaobaki wanatibiwa kwa majina mengine, au hawatibiwi.

Kuhusu dawa sina bishara kubwa ya kutoa. Fluoksetini, dawa ya msononeko inayojulikana sana, ilipolinganishwa mjini New York na kidonge kisicho na dawa, haikuushinda ugonjwa. Lamotrijini, iliyotumainiwa sana, ilijaribiwa London kwa wagonjwa tisa na haikufaa ikiwa peke yake. Mjini St Petersburg, Yuri Nuller na wenzake waliwapa wagonjwa 14 dawa ya naloksoni, inayozuia kasumba ya asili iliyomo mwilini, na kumi katika hao wakapata nafuu kubwa au wakapona. Matokeo ya kutia hamu, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha. Katika miaka ya karibuni kumejaribiwa pia sumaku inayowekwa nje ya fuvu juu ya sehemu fulani za ubongo, na Antonio Mantovani na wenzake waliripoti mwaka 2011 kwamba katika wagonjwa 12 nusu walipata nafuu baada ya majuma matatu.

Tiba iliyojengwa juu ya ujuzi wa maradhi yenyewe ni ile ya mazungumzo, iliyotungwa na Elaine Hunter na wenzake wa London. Wao waliona kwamba ugeni wa nafsi unaopita, ambao huwapata wengi, hugeuka kuwa ugonjwa pale mtu anapoufasiri kuwa ni mwanzo wa wazimu au dalili ya ubongo kuharibika. Tafsiri hiyo humletea hofu, na hofu ndiyo inayouamsha ugeni. Naye huanza kujichunguza kila saa, akijiuliza kama leo anahisi, akijitazama katika kioo, akiukwepa mkusanyiko wa watu, na kadiri anavyojichunguza ndivyo anavyozidi kuwa mtazamaji wa nafsi yake. Kwa hiyo tiba huanza kwa kumsikiliza mgonjwa habari yake yote hadi mwisho, kisha kumweleza kwamba hali yake ina jina, kwamba wengine wanayo, na kwamba si mlango wa wazimu. Na wengi hukiri kwamba siku hiyo ni ya kwanza kwao kusadikiwa. Halafu hupewa daftari, aandike kwa saa za siku ni kiasi gani cha ugeni alichokihisi na alikuwa akifanya nini. Karibu kila mtu huja akisema kwamba hali yake haibadiliki hata kidogo, na daftari humwonyesha kwamba hubadilika: imepungua alipokuwa akipika na dada yake, imezidi chini ya taa kali za duka kubwa, imesahauliwa kabisa kwa robo saa alipokuwa akicheza mpira. Kutoka hapo hufundishwa kuutoa uangalifu ndani na kuupeleka nje, na kurudi kidogo kidogo mahali alipopakimbia.

Katika matokeo ya mwaka 2005, kwa wagonjwa 21 waliotibiwa hivyo, 29 katika mia hawakuwa tena na ugonjwa mwishoni mwa tiba, na wengine wengi walipungukiwa na hofu na msononeko. Wengi wao walikuwa wameugua kwa miaka, na baadhi walikuwa wamekwisha kuambiwa kwamba hapana la kufanya.